Mashine ya Upepo Haina Saa

Mtoto wa pwani hujifunza mapema kwamba bua la jani la mpapai lina uwazi ndani. Hulikata ncha zote mbili, akaling'ata upande mmoja, akazamisha uso na kuelea juu ya majani ya bahari, akitazama visamaki bila kuinua kichwa kila mara. Hicho ndicho kifaa changu cha kwanza cha kupumulia majini, na katika vyote vya kujitengenezea nilivyokuja kuviona baadaye sijaona kilicho salama kukizidi. Usalama wake uko kwenye ufupi. Bua halimpeleki mtu kokote.

Mambo huharibika pale mtu anapopiga hesabu kwamba, ikiwa bua la urefu wa mkono linanipa pumzi usoni pa maji, basi mpira wa mita mbili utanipa pumzi chini. Kijijini kwetu Mafia aliyepiga hesabu hiyo alikuwa kijana mmoja aliyetuzidi umri sote. Alifunga ncha ya mpira wa kumwagilia kwenye dumu tupu ili ielee, akajifunga jiwe kiunoni, akashuka kimo cha mtu. Alirudi juu akikohoa, akiutukana mpira kwamba umeziba. Tukaupuliza: upepo unapita bila shida. Akashuka tena, akarudi vilevile. Nadhani mpaka leo ukimuuliza ataapa kwamba ndani ya mpira ule mlikuwa na kitu.

Hamkuwa na kitu. Kila mita moja ya maji huongeza takriban gramu 100 juu ya kila sentimita ya mraba ya mwili. Kifua na tumbo vya mtu mzima vina sentimita za mraba zinazopita elfu moja, kwa hiyo kwa mita moja tu tayari umebebeshwa zaidi ya kilo 100 za ziada, na kila ukitaka kuvuta pumzi unapaswa kuziinua. Hewa ndani ya mpira haikusaidii, kwa sababu yenyewe ina mgandamizo wa huko juu ya maji, siyo wa chini ulipo. Halafu kuna ujazo wa mpira wenyewe. Mpira wenye uwazi wa sentimita 2 na urefu wa mita 2 hubeba zaidi ya mililita 600 za hewa. Pumzi moja ya kawaida ni kama nusu lita. Hata kama kifua chako kingekuwa cha chuma, ungekuwa unaisukuma pumzi iliyotumika sehemu tu ya njia na kuivuta tena ileile. Ndiyo maana bomba la kuogelea linalouzwa madukani kwa kufuata viwango vya Ulaya halizidi sentimita 38. Anayelirefusha kwa kipande cha mpira anadhani watengenezaji walibania plastiki.

Basi hewa ya chini lazima isukumwe. Hapo ndipo anapoingia ami yangu.

Ami alikuwa fundi wa mashine za boti, baiskeli na chochote kilicholetwa mlangoni, na alikuwa na mashine ya upepo ya kujazia tairi za magari machache ya kisiwani. Miaka ya tisini bei ya majongoo bahari ilipanda, kwa sababu ya wanunuzi wa Mashariki ya Mbali, na ikavuta watu wote. Kwanza yaliokotwa na akina mama na watoto maji yakitoka, kwa miguu tu. Yalipopungua hapo wakashuka wazamiaji wa pumzi, pima tano, pima sita. Nako kukaisha. Pauni mweupe, lile jongoo nene ambalo matajiri walikuwa wakiliulizia kuliko mengine, lilibaki chini ambako pumzi ya mtu haifiki na kurudi na kitu mkononi. Tajiri mmoja kutoka Dar es Salaam akampa ami fedha za injini.

Nataka nikitendee haki kile chombo, maana watu wakisikia "cha kujitengenezea" hudhani ni takataka iliyofungwa kwa kamba. Kilikuwa kizuri. Kompresa ya pistoni iliyotoka gereji, injini ya petroli ya pampu ya maji, mkanda uliokazwa vizuri, mtungi mtupu wa gesi ya kupikia uliogeuzwa tangi la akiba, geji, na kutoka hapo mpira mrefu wa njano, ule wa kunyunyizia dawa mashambani. Mzamiaji aliuzungusha mpira kiunoni mara moja ili usimvute meno, ncha akaing'ata, hewa ikawa inatoka mfululizo, naye akimeza anayoitaka na kuiachia nyingine kando ya midomo. Ufilipino nako wazamiaji wengi hutumia mtindo huohuo. Hakuna aliyewafundisha wao wala sisi. Ukimpa mtu yeyote mwenye akili kompresa, mpira na njaa atafika hapohapo.

Ami hakuwa mzembe. Aliusikiliza mlio wa injini, akabadilisha oili kabla ya wakati, akapaka povu la sabuni kila kiungo kutafuta kinachovuja, akafunga kitambaa safi cha kanga kwenye mdomo wa kuvutia hewa ili vumbi lisiingie. Alikaa na ncha ya mpira mdomoni uani kwake tangu alasiri mpaka magharibi, akipumua, huku shangazi akimcheka. Kisha akaijaribu kwenye maji ya kiunoni. Kila alichojua fundi kukipima alikipima, na mashine ikafaulu.

Nimeifikiria sana ile alasiri ya uani, na naamini shida yote ya vifaa hivi imo humo. Fundi hujua ubovu kwa sikio, pua, mkono na jicho: kinachogonga husikika, kinachoungua hunuka, kinachovuja huonekana. Lakini kinachomdhuru mtu chini ya maji kwa kifaa cha namna hii karibu chote hakina mlio wala harufu, na hakipo kabisa mashine inapokuwa nchi kavu. Ubovu hauko kwenye mashine. Uko kwenye mkutano wa mashine na mwili penye kina, na mkutano huo huwezi kuufanyia majaribio uani.

Kazi yangu kwenye mashua ilikuwa kushika mpira. Niliuachia na kuuvuta usijikunje, nikaangalia geji, nikaongeza petroli, nikahesabu mivuto: mmoja simama, miwili ongeza mpira, mitatu nivute. Wazamiaji walikuwa wakipanda wakiwa wameshika kichwa. Kulikuwa na siku za kichwa na siku zisizo za kichwa, na kila mtu alikuwa na maelezo yake: jua, njaa, miwani iliyokazwa mno, maji baridi ya kusi. Walimeza vidonge vya maumivu, wakalala chini ya tanga, wakashuka tena. Mmoja alipanda siku moja akiwa hana fahamu, mpira umemtoka mdomoni kwenye pima mbili za mwisho. Alitapika, akaamka, akasema ameona giza akiwa karibu kabisa kufika juu, ilhali chini alikuwa mzima. Wazee wa dago, kambi yetu ya uvuvi, waliona ni jambo la kuchomewa ubani.

Maelezo yake niliyapata miaka mingi baadaye Unguja, nilipoajiriwa kuhudumia mashine ya kujazia mitungi ya watalii wanaopiga mbizi. Mwalimu wangu, mzungu mmoja mwenye subira, alinianzishia si kwenye pistoni bali kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Alikuwa ameupandisha juu ya paa kwa bomba refu, mbali na barabara na mbali na jenereta. Nikakumbuka mashua. Kwenye mashua ya ami ekzosi ya injini na mdomo wa kompresa vilitenganishwa na urefu wa kama mkono. Upepo ukitoka upande mmoja moshi ulikwenda zake. Lakini mashua iliyotia nanga hugeuzwa na mkondo wa maji, siyo na upepo peke yake; maji yakigeuka nayo inageuka, na moshi unaingia kwenye kanga. Siku za kichwa na siku zisizo za kichwa ndizo hizo.

Katika moshi wa petroli kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikikutana na damu huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu iliyoshikwa hivyo haibebi tena pumzi. Kitambaa cha kanga hakiizuii. Wala kichujio cha vumbi cha aina yoyote hakiizuii. Na hapa pana hila ambayo sijawahi kumweleza fundi akaikubali mara ya kwanza. Ukiwa mita 20 hewa unayovuta imebanwa mara tatu ya juu, kwa hiyo hata oksijeni unayoipata ni mara tatu, na kiasi chake huyeyuka moja kwa moja kwenye majimaji ya damu na kukushikilia. Sumu imeshakujaa lakini hujisikii. Unapoanza kupanda, ule msaada unaondoka mita kwa mita, sumu inabaki. Kwa hiyo unazimia ukiwa unarudi, karibu na jua. Yule kijana hakupatwa na jini. Alikuwa amefika mahali ambapo deni linadaiwa.

Kwenye mashine za kitaalamu hewa hupita kwenye kaboni ya kunyonya harufu na mvuke wa oili, kwenye chembechembe za kunyonya unyevu, na mara nyingi kwenye kemikali inayoibadilisha kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Na bado hupimwa. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia huruhusu sehemu 5 tu za kaboni monoksidi katika milioni. Oili nayo ni ya aina yake. Oili ya gereji ikipata joto kwenye silinda hutoa ukungu ambao mwenye tairi hana habari nao, lakini pafu linazo: mafuta hayana njia ya kutoka humo, na huweza kuleta nimonia ya pekee. Wale wanaotumia kompresa ya friji, kwa kuwa ni ndogo na haina kelele, wamechagua mashine ambayo oili yake huzunguka pamoja na gesi.

Sitakaa sana kwenye mitungi. Mtungi wa gesi ya kupikia hautengenezwi kubeba mgandamizo wa baa 200 ambao mtungi wa mzamiaji hujazwa, na kizima moto cha zamani kilichokaa na chumvi ndani hakuna ajuaye ukuta wake umebaki unene gani. Chombo cha namna hiyo hulipuka pale kinapojazwa, kwa hiyo hummaliza fundi kabla ya mzamiaji. Ni hatari kubwa, lakini angalau haijifichi.

Oksijeni ndiyo inayojificha. Kulikuwa na mchomeleaji vyuma pale bandarini aliyemshauri ami aachane na kelele za injini, achukue mtungi wake wa oksijeni, maana hospitali huwapa wagonjwa mahututi, sembuse mtu mzima mwenye afya? Hoja ilionekana haina jibu. Ami alikataa kwa sababu ya bei tu, na bei hiyo nadhani iliokoa mtu. Oksijeni safi chini ya mita 6 hivi huanza kuwa sumu ya ubongo. Mtu hupata degedege ghafla, pengine bila dalili, na degedege majini ni kuzama. Mfaransa Paul Bert alilieleza jambo hilo kwa majaribio mwaka 1878, lakini maandishi yake hayajawahi kufika kwa wachomeleaji. Hayakumzuia hata Jacques Cousteau. Kabla ya kuwa mzamiaji maarufu tunayemjua, akiwa ofisa wa jeshi la majini, alijichorea kifaa cha oksijeni, na fundi wa silaha melini akamuundia kwa kopo la barakoa ya gesi, kichupa cha oksijeni na kipande cha tyubu ya pikipiki. Kilifanya kazi vizuri sana. Kwenye kina cha kama mita 14 akashikwa na degedege. Akakirekebisha, akarudi, ikamshika tena kina kilekile. Alinusurika, akaachana na oksijeni.

Huwa nawasimulia vijana habari hii ili wajue kwamba walioanza kazi hii nao walikuwa watu wa tyubu na kopo. Hata ile vali iliyombadilishia Cousteau maisha mwaka 1943, mhandisi Émile Gagnan aliitoa kwenye kifaa cha kulisha injini za magari gesi wakati wa vita. Tofauti yao na ami haikuwa akili. Gagnan alikuwa na kampuni ya gesi nyuma yake, na walipojaribu mara ya kwanza kwenye mto Marne hewa ikamwagika ovyo Cousteau akisimama wima na kukatika akigeuza kichwa chini, walirudi zao wakatafakari, wakahamisha tundu la kutolea hewa. Hapakuwa na tajiri ufukweni anayeuliza kilo ngapi.

Cousteau huyohuyo alikuwa akitumia pampu na mpira kabla ya hapo, na siku moja kwenye mita 12 mpira ukakatika karibu na juu. Alisikia mshtuko mapafuni, akafunga koo bila kufikiri. Asingefunga, maji yangemkamua hewa yote ya kifuani kuipitisha kwenye mpira kuelekea juu, kwa kuwa huko mgandamizo ni mdogo. Vali ndogo ya kuzuia hewa kurudi, ikiwekwa kwa mzamiaji mwenyewe na siyo kwenye tangi, hulizuia jambo hili. Ami hakuwa nayo. Kilichowaokoa wazamiaji wetu kiungo kilipochomoka ni uduni wa chombo: ncha ya mpira ilishikwa kwa meno, ikitemwa mambo yamekwisha. Ami, kwa kuwa alipenda kazi yake, alikuwa akipanga kuwaundia kofia ya chuma yenye kioo ili wasichoke mdomo. Kofia ile ingekuwa nzuri kutazama, na mpira ungechomoka siku yoyote ingewakamua nyuso. Sijui kazi nyingine ya ufundi ambamo kuboresha kitu huweza kukiongezea hatari kiasi hicho.

Baada ya kuutema mpira inabaki safari ya juu, na hapo mazoea mema ndiyo yanayomponza mtu. Mzamiaji wa pumzi hufundishwa na baba yake kuibana pumzi mpaka usoni pa maji. Kwake ni sahihi. Hewa aliyoshuka nayo ndiyo anayorudi nayo. Lakini aliyevuta hewa ya mashine kwenye mita 10 ana hewa iliyobanwa mara mbili, na akipanda ameibana itataka nafasi mara mbili ya kifua chake. Pafu lililojaa huweza kuchanika kwa kupanda hata mita moja na nusu, hewa ikaingia kwenye damu na kwenda kichwani. Inapasa kupanda ukitoa pumzi njia nzima, jambo ambalo mwili wa mtu mwenye hofu hautaki kabisa. Bingwa wa kuzamia kwa pumzi, yule anayesifiwa na kijiji, ndiye wa kuogopewa zaidi akipewa mpira.

Haya yote niliyoyataja hutokea mara moja moja. Linalokuja polepole na kuchukua wengi ni muda.

Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayefanya kazi huvuta kama lita 20 kwa dakika juu. Mita 30 huwa lita 80. Nusu saa, mtungi umekwisha, na mtu atake asitake anarudi. Upungufu huo ni mlinzi. Mashine ya upepo imeuondoa. Lita chache za petroli zinamweka mtu chini tangu asubuhi hadi adhuhuri, hakuna geji inayoshuka, hakuna kengele, na majongoo ni mengi. Kwa majedwali ya wapiga mbizi wa burudani, mita 30 mtu hukaa kama dakika 20 tu ikiwa anataka kupanda moja kwa moja. Wetu walikuwa wakikaa pima kumi na tano zaidi ya saa, wanapanda kuvuta sigara, wanashuka tena.

Naitrojeni ya hewa iliyobanwa huyeyuka mwilini kadiri mtu anavyokaa chini, na akipanda kwa haraka hutoka kwa mapovu, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Kanuni ya kupanda kwa vituo aliitoa J. S. Haldane wa Uingereza mwaka 1908 baada ya kuwafanyia majaribio mbuzi. Wazamia sponji wa visiwa vya Ugiriki walikuwa wameshaujua ugonjwa wenyewe tangu vazi la kofia ya shaba na pampu lilipowafikia miaka ya 1860. Kisiwani Kalymnos kuna ngoma ambayo kiongozi wake hucheza akitetemeka miguu na kushika fimbo, akimwigiza mzamiaji aliyepooza. Watu wazima wanaicheza kwenye sherehe.

Kijana wa kwetu aliyepatwa na ugonjwa huo alikuwa binamu yangu. Alitoka majini mzima, akala muhogo na kachumbari ya papa, akacheka na sisi. Baadaye akasema mgongo unamkaza. Jua lilipokuwa linatua alikwenda kando kukojoa, akasimama muda mrefu, mkojo haukutoka. Usiku miguu ikawa si yake. Wazee walioona mambo kama hayo kwenye madago mengine walitaka ashushwe tena majini na mpira, kwa sababu maumivu hupungua, na ni kweli hupungua: kina huyabana mapovu. Lakini ukimshusha kwa hewa ya kawaida unamwongezea naitrojeni ileile, na mtu ambaye miguu haimtii unamrudisha baharini usiku. Mama yake alikataa. Asubuhi tukampeleka hospitali, wakatuuliza kama ameanguka au amebeba mzigo. Hakuna aliyetaja mashine, kwa sababu hakuna aliyeona inahusika. Ingekuwaje ihusike? Ilikuwa imenguruma vizuri siku nzima.

Mgonjwa wa namna hii hulazwa chali, hupewa oksijeni safi kwa barakoa mara moja, na hupelekwa kwenye chumba cha mgandamizo haraka iwezekanavyo. Ile oksijeni inayoua chini ndiyo dawa ya juu. Inaharakisha naitrojeni kutoka. Hospitali nyingi zina mtungi wake. Neno ambalo daktari anahitaji kulisikia ni moja: alikuwa anapumua chini ya maji. Binamu yangu alipata nafuu ya nusu, kwa miezi. Anatembea kwa fimbo, anashona nyavu, na hapendi kuulizwa.

Isidhaniwe kwamba vifaa vya kiwandani vingemaliza kazi. Wamiskito wa Honduras wanaozamia kambakoche hutumia mitungi ya dukani, na wamepooza kwa wingi mpaka kesi yao ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, iliyoitolea hukumu mwaka 2021. Waliwekwa majini mtungi baada ya mtungi na wenye meli, na hakuna aliyehesabu.

Majuzi mpwa wangu alinijia karakana Unguja na begi la plastiki. Akaniamkia, akatoa kilichomo: kompresa ndogo ya tairi ya volti 12, betri ya pikipiki, mpira, kidomo cha mpira alichokichonga mwenyewe, vyote vya kupangwa juu ya tyubu ya lori. Ameona kwenye simu. Kwa macho ya fundi nilikipenda, siwezi kusema uongo.

"Mjomba, nimejaribu nyumbani, inapumulika vizuri tu."

"Nyumbani kwenu kuna pima ngapi?"

Akacheka. Tukaiwasha, tukaipima kwa ndoo iliyopinduliwa majini na saa ya ukutani. Kwa upepo wa bure ilitoa karibu lita 30 kwa dakika. Nikaubana mpira kidogo kwa kidole, kama kina kinavyobana, mtiririko ukapungua palepale. Kwenye mita 10 angehitaji lita 40 na zaidi, na mashine ingekuwa inatoa chini ya ile 30. Nikamweleza habari ya vali, ya oili, ya kupanda ukitoa pumzi. Kisha nikamuuliza nani atakuwa na saa. Hakunielewa. Nikamwambia hata nikimwekea kila kilicho bora duniani, chombo hiki hakijui umekaa chini muda gani, wala hujui wewe. Anatakiwa mtu juu ya chombo, mwenye saa na jedwali, na mwenye amri ya kukuvuta hata kama umeona pauni kumi mbele yako. Tangu mwaka 2020 biashara ya kimataifa ya pauni mweupe inadhibitiwa kwa vibali, na kadiri wanavyozidi kupungua ndivyo wanavyozidi kufuatwa chini.

"Tajiri amenipa nusu ya fedha tayari," akasema.

"Mpigie. Muulize ukipooza nani analipa chombo cha kukuvusha."

Akampigia hapohapo, akaweka sauti ya nje. Mtu wa upande wa pili hakukasirika hata kidogo. Alisema kila mtu huja kazini na mwili wake, yeye ananunua majongoo, kisha akauliza kama mashine imeshakamilika.

Betri ilikuwa ya kuazima, aliirudisha kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Kompresa niliinunua mimi, inajaza tairi za baiskeli hapa karakana na haijanisumbua. Ile nusu ya tajiri mpwa wangu alikuwa ameshaitumia kwa mpira na tyubu, na tajiri hakusamehe hata shilingi. Anailipa kidogo kidogo, kwa pweza wa maji ya magoti.